Biriani ya Idd iliwe usiku

Kila mwaka mambo huwa yale yale. Nyumba ya Mkomani, mtaa wa Lamu, inaalika watu 30 kwa chakula cha mchana cha Idd Mosi, saa saba kamili. Saa saba na nusu wageni wamekaa, birika la kunawia limeshapita, na huko juu darini wali bado una kiini. Saa nane na robo sinia zinaanza kushuka. Wanaume wanakula, wanawake wanapata ukoko na rojo lililobaki mifupa, na waliopika hawajaonja kitu. Lawama anaangushiwa mpishi. Naona alaumiwe aliyepanga saa.

Karamu kubwa ya nyumbani haifai kuwekwa mchana wa Idd Mosi. Iwekwe usiku ule ule, baada ya Isha, kama saa mbili na nusu hivi. Wapo watakaosema huko ni kuvunja ada. Ada ya Lamu ni kulisha watu siku ya Idd, na siku ina asubuhi na usiku pia.

Ihesabu siku kutoka mwisho kwenda mwanzo. Ukitaka watu wale saa saba, sinia ziwe zinapakuliwa saa saba kasorobo. Kabla ya hapo wali uwe umekaa chini ya makaa nusu saa. Kabla yake uchemshwe na kuchujwa, na maji yake yawe yamekwenda motoni tangu saa nne. Rojo la nyama ya mbuzi linataka saa mbili na nusu, na vitunguu vya kukaanga kwa watu 40 (wageni pamoja na sahani za majirani) vinataka saa tatu nyingine. Maana yake jiko liwashwe saa kumi na moja alfajiri, kisha kati ya saa moja na saa tatu, pale hasa moto unapotaka mtu wa kuusimamia, nyumba nzima iko kwenye swala, watoto wanavishwa, na wa kwanza kuja kupeana mkono wa Idd ameshabisha hodi. Saa hizo mbili ndizo zinazoliangusha jiko.

Watu pia hawaupimi moto. Wanapima nyama kwa gramu, lakini hawajiulizi jiko lao lina nguvu kiasi gani. Meko ya gesi ya kilo 6, ile yenye kichwa kimoja juu ya mtungi, ni ya kupikia familia. Ukiitwika sufuria yenye maji lita 30, itachukua karibu saa tatu kuyafikisha kwenye mchemko, na hapo hakuna upepo. Darini kusi ikivuma bila kizuizi, ongeza nusu saa. Gawa maji hayo katika sufuria mbili za lita 15 kwenye meko mbili, yachemke kwa saa moja na nusu. Jiko kubwa la kuni au la makaa huyamaliza kwa chini ya saa moja, ila kuni chini ya paa la makuti si jambo la kuchezea. Weka ndoo mbili za mchanga karibu, kwa sababu mafuta yakishika moto ukiyamwagia maji unautawanya moto huo hadi kwenye makuti. Gari la zimamoto halipiti katika vichochoro vya Mji wa Kale.

Kwa Idd el-Fitr kuna tatizo jingine: mwezi. Usiku wa 29 Ramadhani hakuna ajuaye kama kesho ni Idd. Tangazo la Kadhi Mkuu linaweza kuja baada ya Isha, na hapo ndipo watu wote wanapokimbilia kwa mchinjaji mmoja. Tena pwani yetu huwa na miaka ambayo mtaa mmoja unakula Idd na mtaa wa pili ungali na saumu. Mwalike jamaa wa aina hiyo mchana na umemtia katika mtihani. Usiku wote wanakula, aliyefungua na aliyefuturu, bila ya mtu kumuuliza mwenzake anafuata mwandamo upi. Nyama iagizwe mapema, ikatwe, ipakwe mtindi, chumvi, tangawizi na thomu, iwekwe kwenye friji. Mwezi usipoonekana, itangoja siku moja zaidi bila neno. Kisichongoja ni papai bichi. Utomvu wa papai unaendelea kuila nyama hata kwenye baridi, na nyama iliyolala nalo hugeuka uji juu na kamba ndani. Kama ni la lazima, kijiko kimoja cha chakula cha papai lililosagwa kwa kila kilo, saa moja tu kabla ya kupika.

Idd el-Hajj tarehe yake inajulikana siku kadhaa mbele, kwa hiyo mwezi si shida. Shida ni udhiya, mnyama anayechinjwa kwa Idd hiyo. Mnyama hachinjwi mpaka baada ya swala. Hata mkifanya haraka, nyama haiingii jikoni kabla ya saa tano. Na nyama iliyochinjwa asubuhi, ikishapoa, hukakamaa, na itabaki hivyo kwa karibu siku nzima kabla ya kulegea yenyewe. Ukiipika mchana huo utaipika saa tatu na bado wazee wataitemea pembeni ya sinia. Siku hiyo ni ya maini, figo na moyo, ambavyo huliwa siku ile ile: vikaange na vitunguu na ndimu, viliwe kwa mkate wa sinia. Biriani ya wageni ama itumie nyama iliyonunuliwa siku iliyotangulia, ama isogezwe hadi usiku wa Idd Pili.

Halafu kuna hesabu ambayo wengi huigundua kisu kikiwa mkononi. Mbuzi wa kilo 20 akiwa hai hutoa kama kilo 9 za nyama na mifupa. Wengi hufuata mgao wa theluthi, moja ya nyumba, moja ya jamaa na majirani, moja ya maskini. Inayobaki ya nyumba ni kilo 3. Mbuzi mmoja wa udhiya hawezi kuwa karamu ya watu 40, na anayelazimisha iwe hivyo anaila theluthi ya maskini.

Asubuhi basi iwe ya kifungua kinywa: mahamri na mbaazi za nazi, kaimati, tambi za sukari, kahawa na tende. Vyote hivyo, isipokuwa mbaazi, vinaweza kuandaliwa usiku au kutoka kwa jirani anayepika kwa kuuza. Anayekuja kutoa mkono wa Idd anakula kidogo, anaondoka, anapisha mwingine. Hakuna anayetarajia nyama saa tatu asubuhi.

Sasa chakula chenyewe. Utasikia watu wakisema biriani ni kazi, bora pilau. Kwa watu 10 ni kweli. Kwa watu 40 ni kinyume, kwa sababu pilau ni chungu kimoja ambacho nyama, supu na mchele vinakutana mara moja, na ukikosea maji umekosea vyote. Biriani yetu ya pwani ina rojo mbali na wali mbali. Rojo linaweza kuwa tayari saa kumi na mbili jioni likangoja juu ya makaa ya polepole. Mgeni akichelewa, unachelewesha wali peke yake. Pilau iliyoiva haijui kungoja. Kila robo saa inazidi kuvimba na kushikamana.

Kabla ya vipimo, hesabu vinywa, na hapa ndipo nyumba nyingi hudanganyika. Wageni 30 si watu 30. Kuna sahani za majirani, zile zinazotoka zimefunikwa kawa kabla hata sinia ya kwanza haijashuka. Sahani moja ni chakula cha watu wawili, pengine watatu. Nyumba yenye majirani watano imeshaongeza watu zaidi ya 10 ambao hawakuwamo katika hesabu, na kwa kuwa sahani hizo hupakuliwa kwanza na kwa ukarimu, ndizo zinazokula minofu. Ziandike. Wageni 28 na sahani 5, hao ni watu 40.

Kwa 40: mchele wa basmati kilo 5, nyama ya mbuzi yenye mifupa kilo 9, iliyokatwa vipande vya ukubwa mmoja, vitatu kwa kila mtu. Vitunguu kilo 5. Nyanya kilo 3 na nyanya ya kopo gramu 400. Mtindi lita 2. Viazi kilo 4, vikatwe nusu nusu na kukaangwa. Tangawizi na thomu, gramu 300 kila kimoja. Samli nusu kilo kwa ajili ya wali, mafuta lita 3 ya kukaangia, ambayo baadaye yataingia kwenye rojo kiasi. Zafarani gramu moja inatosha ikirowekwa katika maji ya moto au marashi mawaridi kwa nusu saa. Viungo usivizidishe kwa kipimo kile kile cha nyama. Jira na giligilani vinakubali kuzidishwa. Karafuu, iliki na mdalasini hutawala sufuria kubwa, kwa hiyo punguza kama robo ya kile hesabu inachokuambia, onja, kisha ongeza.

Vitunguu vinastahili kusimamiwa kuliko kitu kingine chochote, maana ndivyo rangi, utamu na uzito wa rojo. Kata vyembamba na sawa. Kipande kinene kikiwa bado cheupe, chembamba kimeshaungua. Tandaza juu ya kitambaa saa moja, maji yakauke. Usitie chumvi, itayatoa maji na vitachemka badala ya kukaangika. Mafuta yawe ya moto, vitunguu viingie nusu kilo kwa kila awamu, si zaidi, kwa sababu rundo kubwa hupoza mafuta. Hiyo ni awamu 10, na ndiko saa tatu zinakokwenda. Vikianza kuwa vya dhahabu, viopoe, usingoje hudhurungi; vinaendelea kuiva nje ya mafuta kwa joto lake mwenyewe. Awamu moja iliyoungua ikitupwa humo kwa kuona hasara, uchungu wake hautoki hata ukimimina nyanya zote za soko. Kilo 5 zitabaki kama robo yake. Habari njema ni kwamba kazi hii inafanyika siku tatu nne kabla, ila bati liwe la kufunga kabisa, kwani hewa ya Lamu hulainisha vitunguu vya kukaanga kwa usiku mmoja.

Rojo lianze saa tisa alasiri. Kaanga nyanya mpaka mafuta yajitenge, ndipo uingize nyama na mtindi wake. Usiongeze maji. Sufuria kubwa ina uso mdogo ukilinganisha na kilichomo, kwa hiyo mvuke unaotoka ni mchache na rojo hubaki chepechepe. Anayetumia kipimo cha maji alichozoea kwa kilo moja anapata mchuzi. Ikishalainika, fikicha vitunguu mkononi uvitie, viazi viingie mwisho visimumunyuke. Likiwa tayari liache juu ya makaa machache, litokote taratibu. Rojo vuguvugu lililozimiwa moto kwa muda wa saa nne kungoja wageni ni chanzo cha matumbo ya Idd Pili. Anayesisitiza kulipika jana yake na ajue kwamba sufuria ya kilo 18 haipoi usiku kucha: katikati hubaki na joto la kuchachusha hadi alfajiri, hata ukiiweka kwenye friji. Ligawe katika trei za kina cha vidole vitatu, zikae ndani ya maji baridi kwanza, halafu friji, ya kwako na ya jirani.

Wali ni kazi ya saa moja maji yakishachemka, na hufeli kwa haraka. Roweka mchele nusu saa. Sufuria mbili, kila moja maji lita 15 na kilo 2 na nusu za mchele, chumvi kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita. Wanaotia kilo 5 zote kwenye sufuria moja huona mchemko unakufa papo hapo. Maji yanakaa dakika nyingi bila kutokota, wanga unatoka, na punje za juu zinavunjika kabla ya kiini kuiva. Yakichemka upya, anza kuonja baada ya dakika tano. Punje ikikatika kirahisi na bado ina kidoti cheupe katikati, chuja mara moja. Rudisha sufuriani, samli juu, zafarani kwa mistari, mfuniko ubane na kitambaa, makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini. Sufuria nyembamba ya alumini iwekee bati chini yake. Dakika 25 hadi 30, usifunue.

Hizo sufuria mbili zina faida nyingine, na kwangu ndiyo kubwa. Moja ni ya upande wa wanaume, ya pili ya upande wa wanawake, zimepakuliwa kwa wakati mmoja, na rojo limegawanywa kwa vipande, si kwa upawa. Kuwalisha mabaki wale waliosimama mbele ya moto tangu mchana limekuwa jambo la kawaida mno kiasi kwamba hakuna anayeliona. Limo katika mpangilio wa sufuria moja, na huondoka na sufuria ya pili.

Ngazi za nyumba za mawe ni nyembamba na zina vipandio virefu. Sinia iliyojaa ikibebwa na mtu mmoja aliyevaa kanzu mpya, anashuka bila kuona mguu wake. Shusheni sufuria na rojo kabla wageni hawajafika, watu wawili kwa kila sufuria, na mpakulie kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani. Watu watano kwa sinia, sinia 6 kwa wageni 28. Wali kwanza, rojo katikati, viazi vikionekana. Nyumba inayong'ang'ania sahani moja moja kwa kila mgeni iandae maji ya kuosha sahani 28 usiku, na mtu wa kuziosha.

Kachumbari ni mambo ya mwisho: vitunguu vikatwe mapema na kuoshwa kwa chumvi, nyanya na ndimu viingie dakika 10 kabla. Ukwaju kilo moja hutoa kama lita 10 za juisi, fanya kilo mbili. Achari ya embe ipo sokoni. Samaki wa kupaka ni nyongeza nzuri wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari. Lakini Idd el-Hajj ya miaka hii inaangukia mwisho wa Mei na Juni, kusi imeshika, samaki ni wachache na bei yao haina adabu. Mwache.

Wanaopinga karamu ya usiku wana hoja tatu. Watoto watalala: ni kweli, basi sinia yao itoke saa moja, ya wali na kuku, kabla ya Isha. Vichochoro ni giza: pia ni kweli, hasa Idd el-Fitr, kwa kuwa mwezi mchanga huzama mapema mno, lakini taa mbili, moja dakani mlangoni na moja kwenye kona ya karibu, zinatosha. Idd el-Hajj mwezi umeshakua na utawasindikiza wenyewe hadi baada ya usiku wa manane.

Hoja ya tatu ni nzito, nayo ni bahari. Mwezi mwandamo huja na bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana. Jioni ya Idd el-Fitr maji huwa juu alasiri na usiku wa saa nne saa tano yamekwisha kupwa, wakati ule ule mgeni wa Matondoni au Kipungani, vijiji vya magharibi ya kisiwa, anaaga. Mashua itakaa juu ya tope. Wa Shela anaweza kutembea ufukweni maji yakiwa chini, hana neno. Wanaokuja kwa mashua ama walale, na nyumba iandae mikeka na maji ya kutawadha ya alfajiri, ama waalikwe kifungua kinywa na wapelekewe biriani yao kesho yake. Kuwaita usiku na kuwaachia wajitafutie nahodha si ukarimu.

Saa tatu na nusu hivi, kabla ya kahawa, mtu mmoja apewe kazi ya mabaki. Wali uliokaa kwenye sinia na kuguswa na mikono ni wa kuku. Uliobaki sufuriani utandazwe kwenye trei upoe upesi na uingie friji ndani ya saa mbili tangu kupakuliwa. Ukilala sufuriani na mfuniko wake, vijidudu vinavyostahimili mchemko huamka humo na kutoa sumu ambayo kupasha moto asubuhi hakuiondoi. Rojo lipitie trei na maji baridi kama lilivyoelezwa, na kesho lichemke hasa, si kupashwa. Ukoko loweka usiku huo huo.